Moshi wa Mbuta, Kifua cha Mama

Wanafunzi wangu pale chuoni Homa Bay wameshanizoea. Siku ya somo la misuli laini mwalimu ataanza vizuri, atachora seli ubaoni, atazitaja protini zinazopokezana habari kutoka ukutani mwa seli hadi ndani kabisa, halafu ghafla atahamia kwenye samaki. Hapo wanaanza kutazamana. Mwaka huu yupo mmoja, msichana mwenye ulimi, aliyeniuliza kama huyo samaki atatoka kwenye mtihani. Nilimwambia atatoka, tena na mifupa yake.

Sijali. Kuna mambo siwezi kuyafundisha bila kumpitia mama yangu, na mama yangu huwezi kumfikia bila kupita kwenye moshi.

Tulikaa Muhuru Bay, kando ya Ziwa Victoria karibu na mpaka wa Tanzania, juu kidogo ya ufuko. Baba alifariki mapema na mama akanilea kwa mbuta, yule samaki mkubwa ambaye ng'ambo ya mpaka wanamwita sangara. Aliwanunua wabichi kwenye boti, akawapasua, akawaosha, akawapanga juu ya waya kwenye tanuri la udongo alilolijenga kwa mikono yake, kisha akawasha magogo chini. Usidhani ni kazi ya kuwasha moto ukaenda zako kupiga soga. Moto ukiwa mkali samaki anaungua nje na ndani bado mbichi. Ukilegea, anaoza kabla hajakauka. Lazima ukae nao, uumwagie majivu kidogo, uusogeze, uupulize.

Na kwa mama, moto wa samaki ulipulizwa kwa mdomo. Hakutaka kusikia habari ya kupepea. Alisema ukipepea unaamsha majivu, majivu yanamkalia samaki, na wateja wake wa upande wa Tanzania walitaka samaki safi mwenye rangi ya asali iliyokomaa. Wanawake wote wa ufuko ule walifanya vivyo hivyo. Ungewaona wamejipanga, kila mmoja amepiga magoti mbele ya tanuri lake, kichwa karibu kiingie ndani, wanapuliza. Mimi utotoni nilimjua mama kwa mgongo kuliko kwa uso. Ningeweza kumtambua kwa visigino vyake tu.

Akishapuliza, aliimba. Hili ndilo lililokuwa likinifurahisha. Anatoa kichwa kwenye moshi, macho mekundu, anajifuta kwa kona ya leso, halafu anaachia mstari mmoja mrefu wa wimbo wa kanisani, na mwenzake wa tanuri la pili anaitikia. Mama alikuwa ndiye mwanzishaji kanisani kwetu. Hatukuwa na kinanda. Tulikuwa na ngoma, kayamba, na mtu wa kuanzisha, na mtu huyo anaurusha mstari wa kwanza peke yake, bila ngoma, kwa pumzi moja. Mwanzishaji anayeukata mstari katikati ili avute pumzi, watu wanaangalia chini kwa aibu kana kwamba amevaa nguo nje ndani. Mama hakuwahi kuukata. Kulikuwa na wimbo mmoja wa kuingilia, wa Kijaluo, wenye mstari wa kwanza mrefu kama mwaka wa njaa, na yeye aliumaliza na kubaki na pumzi ya kumkonyeza mpiga ngoma. Aliupenda ule wimbo kuliko chakula. Alikuwa mtu wa maringo, mama, na maringo yake yote yalikaa kwenye kifua.

Nilipokwenda shule ya bweni, kule Migori, nilikwenda nikinuka moshi. Wenzangu walinicheka, wakaniita mbuta mkavu, wakafungua madirisha nikiingia bwenini. Nilikasirika, nikapigana na mmoja wao, nikaadhibiwa. Lakini nitakuambia kitu. Nilikuwa na sweta moja ambayo sikuifua muhula mzima. Niliikunja chini ya mto, na hamu ya nyumbani ikinizidi nguvu nilikuwa naingiza pua ndani yake na kunusa. Hadi leo nikipita sokoni penye samaki wa moshi napunguza mwendo, na wauzaji wanadhani nataka kununua.

Kifua cha mama kilianza kupiga filimbi nikiwa chuo kikuu, Nairobi. Mwanzoni alisema ni mafua. Halafu ikawa ni upepo wa ziwa. Halafu ikawa ni yule jirani aliyemtazama vibaya. Kila kitu kilishtakiwa isipokuwa moshi. Mwishowe nilimkokota hadi hospitali Migori, na daktari kijana, mpole sana, akamwambia ni pumu, akampa inhela mbili, vile vichupa vya kupuliza dawa mdomoni. Moja ya bluu, nyingine ya rangi ya udongo. Ya bluu, alisema, ni ya kifua kikibana. Ya udongo itumie asubuhi na jioni hata kama huumwi, kwa sababu hiyo si ya leo, ni ya kulinda siku zinazokuja. Mama aliitikia kwa heshima zote. Mimi nikarudi Nairobi nimetulia.

Huko Nairobi kazi yangu maabarani ilikuwa kufuga seli. Nasema kufuga kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: unazilisha, unaziweka mahali pa joto, unazisafishia, na ukizisahau unakuta zimekufa. Zilikuwa seli za misuli laini, ile misuli ambayo haingoji ruhusa yako. Mkono utauinua ukitaka. Lakini misuli inayozunguka utumbo, mishipa ya damu, tumbo la uzazi na njia za hewa inafanya kazi yake uwe umelala au uko macho. Yenyewe inasikiliza majirani zake. Seli ya jirani ikiudhika, inatoa protini. Ile protini inafika kwenye ukuta wa seli ya msuli na kushika kipokezi, kipokezi kinaamsha protini nyingine ndani, nayo inaamsha nyingine, mpaka habari ifike na msuli ukaze. Aliyeleta habari haingii ndani. Habari ndiyo inayoingia, kama tangazo la msiba linavyopita Muhuru kutoka boma hadi boma.

Kilichonishika ni kile kinachotokea habari isipokoma. Tulikuwa tunazipa zile seli protini ya usumbufu kidogo kidogo, siku baada ya siku. Mwanzoni zinakaza na kulegea kama kawaida. Baadaye zinabadilika tabia. Zinaanza kuzaana, zinanenepa, zinatandaza nyuzi za kovu kila mahali, na njia ambayo hewa ingepita inazidi kuwa nyembamba. Ukizitazama kwa darubini huzitambui tena. Wenzangu waliona picha nzuri ya kuweka kwenye tasnifu. Mimi niliona tanuri, na mtu amepiga magoti mbele yake, na niliogopa sana. Kila mtu ana njia yake ya kujua kwamba mzazi anaumwa. Mimi nilijulia kwenye kisahani cha plastiki.

Likizo iliyofuata nilimkuta amekonda shingo. Inhela ya bluu alikuwa ameimaliza na kuazima ya mwanamke mwingine. Aliipenda ile ya bluu, kwa sababu ukivuta unaona kazi yake papo hapo: dawa inashika kipokezi na kuupa msuli habari ya kulegea. Lakini ukiita mlangoni kutwa kucha wenyeji wanachoka kufungua, na vile vipokezi navyo huchoka, vingine vinajificha ndani ya seli. Nilimweleza hivyo. Akasema watu gani hao wasio na adabu.

"Na ile ya rangi ya udongo?" nikauliza.

"Iko."

"Iko wapi?"

"Iko mahali salama, nyathina." Nyathina ni mwanangu, na mama alipoitamka kwa upole namna hiyo nilijua kuna jambo.

Akanyoosha kidole juu. Tulikuwa jikoni, na mtu wa kwetu anajua juu ya moto wa jikoni kuna nini. Kuna mbegu. Mahindi ya kupanda yamefungwa pamoja kwa maganda yake, mashuke ya mtama yananing'inia, vyote vyeusi kwa masizi, kwa sababu mdudu haupendi moshi na mbegu iliyokaa juu ya moto inafika msimu wa kupanda ikiwa nzima. Katikati ya mahindi kulikuwa na kifurushi cha nailoni kilichofungwa kwa kamba ya wavu. Nilipanda juu ya kigoda nikakishusha. Ilikuwa inhela ya udongo, haijaguswa, imekauka kwa joto, nyeusi tii.

"Mama!"

"Daktari si alisema si ya leo? Si alisema ni ya kulinda siku zinazokuja?" Alinishangaa kwa kweli. "Vitu vya siku zinazokuja vinakaa wapi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia kikohozi, na kikohozi kikaendelea muda mrefu hadi midomo ikapauka, na mimi nikaacha kucheka. Nikamwambia kichupa kile kina gesi ambayo haitaki moto, kingeweza kupasuka kimwangukie kichwani, na dawa yenyewe lazima kila siku inyamazishe zile seli jirani zinazouita msuli ukaze, la sivyo msuli utaendelea kunenepa. Nikamwambia pia, na hapa sauti ilinipanda, kwamba mbegu na mapafu si kitu kimoja. Kinachohifadhi mahindi kinamuua yeye.

"Moshi huu?" akasema. "Bibi yako aliupuliza hadi meno yakaisha. Alikufa akiimba."

Basi tukaanza vita ambavyo vilidumu. Dawa alikubali, tena alianza kuitumia vizuri, asubuhi na jioni baada ya sala, na filimbi ikapungua. Tanuri hakuliacha. Nilimletea habari za tanuri lenye bomba la kutolea moshi, nikampeleka kisiwani Rusinga kulitazama kwa macho yake, kwa wanawake wanaolitumia. Alimwinua samaki wao, akamgeuza, akamnusa, akamrudisha polepole kama mtu anayerudisha maiti isiyo yake. Njiani akaniambia samaki wale wamepauka, wanafanana na watu waliotoka wodini. Nilimwambia yeye ndiye aliyefanana na mtu aliyetoka wodini. Sisi wawili tulikuwa hivyo, tunapendana kwa kelele.

Wakati huo tayari nilikuwa nimepata kazi Homa Bay, na niliweza kwenda kwake mara kwa mara. Jumapili moja nilikuwa kanisani, nimeketi nyuma na wanawake wenye watoto. Mama akasimama kuanzisha. Alichagua wimbo wake ule wa kuingilia. Hata kabla hajafungua mdomo nilitaka kumpigia kelele aachane nao, achague mfupi.

Alianza vizuri. Sauti ilikuwa ile ile, nene kidogo, yenye chembe za mchanga ndani. Halafu katikati ya mstari pumzi ikaisha. Si kwamba alikosea. Nilimwona kifua kikipanda bila kitu kuingia, mabega yakiinuka kusaidia, mkono ukitafuta ukingo wa benchi. Mwanamke wa mstari wa mbele, kwa wema kabisa, akaudaka wimbo akaumalizia, ngoma ikaingia, watu wakaimba kwa nguvu kuliko siku zote ili kufunika. Mama alibaki amesimama akipiga makofi, anatabasamu. Mimi nililia wazi wazi, na mtoto wa jirani yangu akanitazama mdomo wazi.

Kesho yake asubuhi boti zilirudi, wenzake wakateremka ufukoni na beseni, yeye hakuteremka. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya tanuri lake baridi.

"Hebu nieleze vizuri," akasema. "Si kwa kelele. Huo msuli unaousema. Nikiacha moshi, unarudi kuwa ulivyokuwa?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo miaka, na lilipokuja nilitamani asingeliuliza. Alinyoosha kiganja. Kilikuwa na sugu ngumu, pale aliposhikia waya wa tanuri. "Ni kama hii?"

"Ni kama hiyo."

"Sugu ukiacha kazi inalainika."

"Ile ya ndani hailainiki sana, mama. Imeshaweka kovu. Ukiacha moshi wale majirani wanaouita watanyamaza, msuli hautakaza ovyo, na hautanenepa zaidi. Lakini pumzi iliyokwenda imekwenda. Tunalinda iliyobaki."

"Ule mstari?"

Ningeweza kudanganya. Mtu mwingine angedanganya. "Hutaumaliza tena kwa pumzi moja," nikasema.

Alikuna udongo wa tanuri kwa ukucha. Kisha akasema ni afadhali nusu ya wimbo kuliko kukaa benchi la nyuma na wanawake wenye watoto, akanitazama alipokuwa akisema hivyo, na nikajua nimechokozwa. Siku hiyo hiyo alihamia kwenye omena. Alinunua dagaa wale wadogo, akawatandaza juani juu ya nyavu kuukuu, akashinda akifukuza ndege na kulalamika. Kazi ya watoto, alisema. Kazi isiyo na ufundi, hata kuku anaweza. Tanuri hakumpa mtu, alikataa kata kata, na wanawake wawili waliliomba. Lilibomoka lenyewe kwa mvua.

Niseme ukweli, siku ya kwanza niliyofika nyumbani na kukuta hakuna moshi, nilipotea. Nilisimama uani nikijiuliza kuna nini hapa. Nilikuwa nimepigania siku hiyo kwa nguvu zangu zote, na ilipofika nilihisi kama nimefika kwa watu wengine. Mama alinikumbatia na alinuka sabuni na jua. Niliingia ndani nikalia kidogo nikatoka.

Alirudi kuanzisha. Mzee wa kanisa alidokeza kwa upole kwamba labda apumzike, naye akadokeza kwa upole kwamba mzee apumzike kuhubiri. Akasimama mbele na wimbo ule ule. Alifika katikati ya mstari, pumzi ikaisha, naye akanyamaza. Safari hii aliinua kiganja mbele ya wenzake, mtu asiudake. Akavuta hewa taratibu kwa mdomo uliobana, kama nilivyomfundisha, na kanisa zima likamngoja. Kisha akaendelea kutoka neno lile lile alipoachia. Jumapili za mwanzo watu waliangalia chini. Baadaye wakaacha kuangalia chini. Wakimwitikia nao wakawa wananyamaza pale pale, mpiga ngoma naye akajifunza kuinua mikono na kungoja, na pengo lile likaingia kwenye wimbo bila mtu kuamua.

Aliimba hivyo miaka mingi kuliko daktari yule mpole alivyotarajia. Mwaka juzi, msimu wa baridi, homa ya mapafu ikamkuta na kifua hakikuwa na akiba. Tulimzika Muhuru. Siku ya mazishi sikuweza kusikiliza wimbo wowote, kwa hiyo sijui waliimba nini.

Nilirudi kanisani kwake mwaka huu. Mwanzishaji sasa ni mke kijana aliyeolewa hapo kutoka Lambwe baada ya mama kuondoka, hawakuwahi kuonana. Ana kifua kipana na sauti ya kupasua bati. Alisimama akaanza ule wimbo wa kuingilia, na mara moja nikasikia kwamba pumzi yake ingetosha mstari huo na mwingine juu yake. Alipofika katikati alinyamaza. Mpiga ngoma akainua mikono. Wanawake wote, wazee na wasichana, wakavuta hewa polepole kwa midomo iliyobana, wakangoja, kisha wakaendelea kutoka neno lile lile. Nilishika benchi la mbele yangu kwa mikono miwili.

Baada ya ibada nilimtafuta nje, nikamsalimia, nikamwambia natoka Homa Bay, lakini sikumwambia mimi ni mtoto wa nani. Nikamuuliza kwa nini wanasimama pale katikati.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini ugali una unga. "Wimbo ndivyo ulivyo," akasema. "Kwani nyinyi huko Homa Bay mnauimba moja kwa moja?"

Nikamwambia ndiyo, sisi tunauimba moja kwa moja, lakini tunakosea.